Kijana wa meza chafu aliyetuachia kipimo cha damu

Kama umewahi kumpeleka mtoto hospitali akiwa na homa isiyoeleweka, huenda umerudi kwa daktari na karatasi ya majibu ya picha kamili ya damu. Chini ya idadi ya chembe nyeupe huwa kuna majina marefu: nyutrofili, limfositi, eosinofili. Wazazi wengi huniuliza maana yake.

Leo nitakueleza habari za mtu aliyetufundisha kuzitofautisha chembe hizo. Ninamleta kwako kwa sababu maisha yake yanajibu swali jingine ninaloulizwa karibu kila wiki, na mara nyingi huulizwa mlangoni, mzazi akiwa ameshasimama kuondoka: mtoto ana akili lakini hashikiki, walimu wamemchoka, je, kuna dawa?

Mtu huyo ni Paul Ehrlich, daktari na mtafiti wa Ujerumani. Alizaliwa Machi 14, 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, ambao leo uko Poland na unaitwa Strzelin.

Mwanafunzi asiyependa mitihani

Ehrlich hakuwa mtoto mjinga. Alipenda Kilatini na hesabu. Lakini mitihani ilimtesa, na insha za Kijerumani zilimshinda zaidi. Inasimuliwa kwamba alipotakiwa kuandika insha kuhusu maisha kama ndoto, aliandika kwamba ndoto zinatokana na mabadiliko ya kikemia ndani ya ubongo. Walimu hawakufurahi, na alama alizopata zilionyesha hivyo.

Kilichomvutia ni rangi. Alikuwa na ndugu wa upande wa mama, Karl Weigert, aliyemzidi miaka tisa na ambaye tayari alikuwa daktari. Wakati huo viwanda vya Ujerumani vilikuwa vinatengeneza rangi mpya za kitambaa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Weigert alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuzitumia rangi hizo kuona vimelea chini ya hadubini. Kijana Paul alipoona jinsi rangi moja inavyoshika sehemu moja ya seli na kuiacha nyingine, hakuweza tena kufikiria jambo jingine.

Hebu fikiri, mzazi mwenzangu. Ungekuwa na mtoto wa aina hiyo nyumbani, vidole vyake vina madoa ya bluu na njano, daftari lake la masomo mengine halina kitu, ungefanyaje?

Profesa aliyeuliza kabla ya kukemea

Mwaka 1872 Ehrlich alikwenda kusoma udaktari katika Chuo Kikuu cha Strasbourg, mji ambao sasa uko Ufaransa. Profesa wa anatomia hapo alikuwa Wilhelm Waldeyer. Baada ya muda Waldeyer aliona kwamba mwanafunzi wake mmoja hukaa mezani muda mrefu kuliko wenzake, na kwamba meza yenyewe imejaa madoa ya kila rangi kama upinde wa mvua. Kazi aliyokuwa akiifanya haikuwa ile waliyopewa wanafunzi wengine.

Profesa alikuwa na haki ya kukasirika. Meza ni ya chuo, na ratiba ni ya chuo. Badala yake alimsogelea akamuuliza anafanya nini. Kijana akajibu kwamba anajaribujaribu tu. Waldeyer akaangalia slaidi zake, akaona kazi yenye maana, akamruhusu aendelee. Kwenye slaidi za miaka ile Ehrlich alikuta aina ya seli ambayo haikuwa imeelezwa kabla yake. Leo tunajua kwamba seli hizo ndizo zinazohusika mtoto anapovimba na kuwashwa kwa mzio.

Si kila mkubwa alimwona hivyo. Aliporudi kusoma Breslau, mwaka 1876 alifika pale daktari wa wilaya aliyekuwa bado hajulikani, Robert Koch, kuonyesha kazi yake juu ya ugonjwa wa kimeta. Inasimuliwa kwamba Koch alitembezwa maabara, akaonyeshwa kijana mmoja kwenye meza yake, na mwenyeji akamwambia kwamba huyo ni hodari wa kupaka rangi lakini mitihani hataifaulu kamwe.

Aliifaulu. Mwaka 1878 alipata shahada yake Leipzig, na tasnifu yake ilikuwa juu ya kitu kile kile, rangi. Lakini tusijidanganye. Ili afaulu ilimbidi asome na yale asiyoyapenda. Waldeyer alimpa nafasi ya kufanya anachokipenda, na hakumfutia mtihani.

Usiku wa Machi 1882

Baada ya masomo, Ehrlich aliajiriwa Berlin katika hospitali ya Charité, chini ya Profesa Friedrich Theodor von Frerichs. Bosi huyu naye alimjua mtu wake. Alimpunguzia mzigo wa kawaida wa wodini ili apate muda wa utafiti. Hapo ndipo Ehrlich alipoainisha chembe nyeupe za damu kwa namna zinavyoshika rangi. Eosinofili zimepata jina lake kwa sababu zinapenda rangi iitwayo eosini. Kwa hiyo daktari anapokuambia kwamba eosinofili za mtoto zimepanda, na kwamba huenda ni minyoo au mzio, anatumia njia iliyoanzia kwenye meza ya kijana huyu.

Machi 24, 1882, Koch alitangaza Berlin kwamba amegundua kimelea cha kifua kikuu. Ehrlich alikuwa ukumbini. Alitoka pale moja kwa moja kwenda kutafuta njia bora zaidi ya kukipaka rangi kimelea kile. Inasimuliwa kwamba aliacha slaidi zake zikauke juu ya jiko lililozimwa, asubuhi mhudumu akaliwasha bila kujua, na joto likaifanya rangi ishike kuliko alivyotarajia.

Iwe ilikuwa hivyo au la, njia yake ilikuwa bora, na Koch aliikubali. Baadaye wengine waliiboresha. Ukipeleka makohozi kupimwa TB kwa hadubini, katika njia ya zamani inayotumika mpaka leo, mtaalamu wa maabara hupaka rangi, hupitisha moto chini ya slaidi, kisha huisafisha kwa asidi. Bakteria wengine hupoteza rangi, wa TB hubaki nayo. Jambo hilo la kustahimili asidi ni Ehrlich aliyeligundua.

Bosi mpya, na ugonjwa

Mwaka 1885 Frerichs alifariki ghafla. Aliyechukua nafasi yake, Carl Gerhardt, alitaka Ehrlich afanye kazi ya wodini kama madaktari wengine. Sitamlaumu Gerhardt kupita kiasi. Nimesimamia wodi, najua maana ya kuwa na vitanda vimejaa na daktari mmoja amejifungia maabara. Lakini hakukuwa na mazungumzo ya kutafuta njia ya kati. Ehrlich alisononeka, kazi yake ikadorora, mwishowe akaondoka.

Wakati huohuo alianza kukohoa. Alipima makohozi yake kwa njia yake mwenyewe na akaona bakteria wa TB. Mwaka 1888 alisafiri na mke wake, Hedwig, kwenda Misri kutafuta hewa kavu, maana dawa ya TB haikuwepo. Alirudi Berlin mwaka 1889 akiwa na nafuu, lakini bila ajira. Alifungua maabara ndogo kwa gharama zake. Alikuwa Myahudi, na katika vyuo vikuu vya Ujerumani ya wakati ule hicho kilikuwa kikwazo kwa mtu yeyote aliyetaka cheo.

Aliyemwinua ni Koch, yule yule aliyeelezwa miaka mingi kabla kwamba kijana huyu hatafaulu. Mwaka 1891 alimpa nafasi katika taasisi yake mpya ya magonjwa ya kuambukiza. Mwaka huo huo Ehrlich na daktari mwenzake, Paul Guttmann, waliwatibu wagonjwa wawili wa malaria kwa rangi ya bluu ya methilini. Walikuwa wa kwanza kuonyesha kwamba dutu iliyotengenezwa kiwandani inaweza kupambana na vimelea ndani ya mwili wa mtu.

Kwenye taasisi ya Koch kila mtu alikuwa na akili na kila mtu alitaka jina. Emil von Behring alikuwa na seramu ya kutibu dondakoo, ugonjwa uliokuwa ukiwaziba watoto koo mpaka wanashindwa kupumua. Tatizo la seramu ile ni kwamba leo ina nguvu, kesho haina. Ehrlich ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuwapa farasi sumu ya dondakoo kidogo kidogo mpaka watoe seramu kali, na jinsi ya kuipima nguvu yake kwa kipimo kisichobadilika. Sifa na fedha zilikwenda zaidi kwa Behring, na urafiki wao ukaharibika. Behring alipata tuzo ya Nobel mwaka 1901. Ehrlich alipata yake mwaka 1908, pamoja na Ilya Metchnikoff, kwa kazi ya kinga ya mwili.

Leo mtoto wako anakingwa dhidi ya dondakoo kwa chanjo ya pentavalenti akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ukiona kadi yake ina nafasi tupu hapo, usisubiri.

Alipogeuka mwalimu

Kuanzia mwaka 1899 Ehrlich aliongoza taasisi ya serikali mjini Frankfurt, na mwaka 1906 akaongezewa nyingine, Georg-Speyer-Haus, iliyojengwa kwa fedha za mjane Franziska Speyer. Sasa yeye ndiye aliyekuwa na vijana hodari na wagumu chini yake.

Ungetegemea kwamba aliyeachiwa uhuru naye angewaachia wengine. Haikuwa hivyo. Kila siku aliwaandikia wasaidizi wake vikaratasi vya rangi, kila mmoja na chake, vikieleza jaribio gani lifanywe na kwa mpangilio gani. Alivuta sigara nene mfululizo, alichora fomula popote palipokuwa na nafasi, na hakupenda mtu aende kinyume na kikaratasi chake.

Mgogoro ulizuka juu ya dawa iitwayo atoksili, yenye asili ya aseniki. Dawa hiyo Koch aliitumia mwaka 1906 na 1907 kwa wagonjwa wa malale katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, Uganda ya leo, na baadhi yao walipofuka. Ilihitajika dawa inayoua vimelea bila kumdhuru mgonjwa. Ehrlich aliamini kwamba wakemia wote walikuwa wamekosea kuhusu umbo la kikemia la atoksili, na kwamba umbo lake halisi linaruhusu kutengenezwa kwa dawa nyingine nyingi. Baadhi ya wakemia wake walimkatalia. Walikuwa na elimu ya kemia kuliko yeye, na hawakutaka kupangiwa kazi kwa vikaratasi. Wakaacha kazi. Alfred Bertheim alibaki, akafanya jaribio, na ikaonekana kwamba mzee alikuwa sahihi.

Alikuwa sahihi, lakini alipoteza watu. Mimi nasoma sehemu hii nikijiuliza kama angewapoteza wote laiti angekaa nao na kuwaeleza, kama Waldeyer alivyokaa naye.

Namba 606

Bertheim na wenzake walitengeneza mamia ya dutu, kila moja na namba yake. Namba 606 ilijaribiwa, na msaidizi mmoja akaripoti kwamba haina faida. Ikawekwa kando.

Mwaka 1909 alifika Frankfurt mtafiti kutoka Japani, Sahachiro Hata, aliyekuwa amejifunza kuwaambukiza sungura kaswende ili dawa zijaribiwe. Ehrlich alimpa kazi ambayo vijana wengi wenye vipaji wangeikimbia: kurudia kupima dutu zilizokwisha kupimwa, moja baada ya nyingine. Hata alifanya hivyo bila kuruka. Alipofika 606, sungura walipona.

Dawa hiyo ilitangazwa mwaka 1910 na kuuzwa kwa jina la Salvarsan. Ilikuwa dawa ya kwanza yenye nguvu ya kweli dhidi ya kaswende, ugonjwa uliokuwa ukiwatia watu wazimu na kuwaua watoto tumboni. Ilikuwa na madhara yake, na Ehrlich alishambuliwa sana kwa hayo hadi mahakamani. Ilitumika mpaka penisilini ilipochukua nafasi yake miaka ya 1940. Ehrlich hakuyaona hayo. Alifariki Agosti 20, 1915, akiwa na miaka 61.

Siku hizi kaswende hupimwa kliniki ya wajawazito kwa tone la damu, na inatibika kwa sindano. Mama, usikwepe kipimo hicho, na baba aje naye.

Kosa langu wodini

Nimekuahidi jibu la swali la mlangoni. Kabla sijalitoa, nikuambie kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsimamia daktari kijana wa mafunzo kazini. Alichelewa raundi, mafaili yake yalikuwa na mapengo, na alibishana nami mbele ya wauguzi. Siku moja nilimkuta hayupo wodini. Aliporudi nilimfokea mbele ya wazazi wa mgonjwa. Alikuwa amekwenda maabara, bila kuniaga, kuangalia mwenyewe slaidi ya damu ya mtoto wao aliyekuwa ametibiwa malaria mara kadhaa bila kupona. Nilimwambia afanye kazi aliyopangiwa. Hakujibu.

Jioni nilikwenda maabara, nikaiangalia slaidi ile. Chembe nyeupe nilizoziona hazikuwa za mtoto mwenye malaria. Zilikuwa chembe changa, za saratani ya damu. Mtoto alipelekwa hospitali kubwa kesho yake. Kama kijana yule angenisikiliza, tungepoteza siku nyingine nyingi, na siku hizo zingekuwa za mtoto, si zangu.

Nilimwomba radhi mbele ya wale wale wazazi. Kisha nilimwita ofisini, tukakubaliana: saa moja kila siku ni yake, aende maabara akaangalie anachotaka, lakini raundi afike kwa wakati, mafaili yajazwe, na akitoka aage. Mwezi wa kwanza alivunja makubaliano mara mbili, nami nikamfuata mara mbili. Leo ni daktari ninayempelekea wagonjwa wangu.

Kwa mzazi na mlezi

Sasa jibu lenyewe. Dawa ya kumfanya mtoto mwenye kipaji awe mtulivu kama wengine siwezi kukuandikia kwa kusikia habari zake mlangoni tu. Lakini yapo ya kufanya.

Kwanza, mlete apimwe. Mtoto anayeitwa mkaidi huenda haoni ubao, hasikii vizuri, halali vya kutosha au ana upungufu wa damu. Yupo anayekodoa macho kwa sekunde chache kila mara na kuonekana kama anaota, kumbe ni aina ya kifafa. Yupo ambaye herufi zinamchanganya ingawa akili yake ni nzuri, na yupo ambaye kutulia ni vigumu kwake kwa sababu ya hali ya ubongo inayotambulika na kusaidiwa. Haya yote huchunguzwa, na hakuna hata moja linalotibiwa kwa fimbo.

Pili, kabla ya kumkemea, kaa kwenye meza yake. Muulize anafanya nini, na usikilize mpaka amalize. Kama ni upuuzi utaujua. Kama ni kazi, mpe muda wake maalumu, na usimnyang'anye muda huo kama adhabu kila anapokosea.

Tatu, usimfutie yale asiyoyapenda. Mtihani aufanye, sahani aoshe, salamu kwa wakubwa atoe. Mfundishe kurudia kazi aliyoifanya haraka haraka, kwa sababu 606 ilikuwa tayari kwenye rafu, na ilikosa tu mtu wa kuipima tena bila kuruka.

Nne, kama mwalimu wake amemchoka, nenda ukazungumze naye kwa heshima, mtoto akiwa hayupo. Mwalimu ana watoto wengi darasani, na huenda hajapata nafasi ya kusogea kwenye meza moja. Mwombe jambo moja dogo linalowezekana, kisha rudi baada ya mwezi mmoja kuona limekwendaje.

Na ukija kliniki, usilihifadhi swali hili la mwisho la mlangoni. Lianze nalo ukikaa tu, ili tupate muda wake.